Kinga na Kinga

Neno machela lina historia inayofaa kukumbukwa na kila apendaye kulala akining'inia. Kijana wa leo akilisikia hufikiria kitanda cha nguo kifungwacho baina ya miti miwili, au kile cha hospitali cha kuchukulia mgonjwa. Zamani za misafara, machela ilikuwa nguo iliyotundikwa kwenye mti mrefu, mti wenyewe ukakaa mabegani mwa watu wawili au zaidi, na ndani ya nguo akalala mtu mmoja. Aliyelala alipumzika, na waliombeba walitoka jasho. Mwaka 1858 Mwingereza Richard Burton, aliyekuwa ameondoka Unguja mwaka mmoja kabla yake kwenda kuyatafuta maziwa makuu, alishikwa na maradhi hata miguu ikakataa kazi, akachukuliwa kwa machela sehemu ya njia. Mwenziwe, John Speke, akamwacha Kaze, ambako leo ni Tabora, akapanda kaskazini pamoja na kiongozi Sidi Mubarak Bombay na wapagazi wao, na tarehe 3 Agosti mwaka huo wakayaona maji makubwa yaliyo mbele ya Mwanza.

Katika msafara ule hapana aliyemshuku mbu. Homa ilidhaniwa kuwa ni hewa mbaya ya mabwawa, na jina malaria, lililotokana na maneno ya Kitaliani, maana yake ni hiyo hiyo hewa mbaya. Ilipita karibu miaka arubaini hadi tarehe 20 Agosti 1897, ambapo daktari Ronald Ross, akiwa Secunderabad nchini India, alipokiona kimelea cha malaria ndani ya tumbo la mbu. Tangu siku ile binadamu amemjua adui wake wa usiku kwa sura na kwa jina. Tangu siku ile pia kumezuka swali ambalo Burton hakuwa na haja ya kujiuliza, nalo ni la maadili kabla ya kuwa la uganga: mtu anapojikinga na baya, baya lile huenda wapi?

Swali hili haliulizwi mara nyingi, kwa sababu mtu aliyekwisha kujikinga huwa amelala. Ndiyo maana yafaa lianzie hapo penye usingizi wenyewe.

Na achukuliwe mfano wa msafiri aliyefika Kiseke, kata ya Manispaa ya Ilemela, kaskazini mashariki ya kitovu cha jiji la Mwanza. Nyumba zimekuwa zikienea huko baina ya vilima na mawe makubwa ambayo yameupatia mji wa Mwanza sifa ya kuwa jiji la miamba. Msafiri huyu hakutaka chumba cha wageni. Ameona miti miwili, amefunga machela yake, na anataka kulala nje apate upepo utokao ziwani. Jee, atawazuia vipi wadudu mpaka asubuhi?

Jambo la kwanza atakalojifunza ni kuwa machela humdanganya alalaye. Kwa kuwa imeinuliwa juu ya ardhi, huonekana salama, na kweli nge na nyoka hawaifikii kwa urahisi. Lakini uzito wa mwili huikaza nguo ikashikamana na mgongo, na mdomo wa mbu hupenya nguo nyepesi kama sindano ya fundi. Aliyejifunika juu tu hung'atwa kutokea chini. Juu nako, chandarua kikiigusa ngozi ni sawa na kutokuwapo. Ni lazima kitundikwe kwa kamba yake peke yake, kisimame mbali na mwili pande zote, kipite chini ya machela, kisha kifungwe barabara kwenye ncha mbili. Kamba zenyewe ni njia ya sisimizi, kwa hivyo wenye kujua huzifunga vitambaa vilivyolowekwa mafuta ya taa. Tena msafiri yapasa aingie mapema kabla ya kiza kutanda, aizime taa, na kabla ya kufunga achungulie kila pembe. Mbu mmoja aliyefungiwa ndani ni mbaya kuliko kumi walioko nje, kwa kuwa huyo ana usiku kucha na mtu wake hana pa kukimbilia.

Mtu wa pwani hatashangazwa na elimu hii. Majumba ya Mji Mkongwe yalivijua vyandarua vyeupe vya pamba vilivyoshuka kutoka nguzo nne za samadari, na bibi akikagua pindo kabla ya kuwalaza wajukuu. Chandarua hakikuwa kinga tu, bali kilikuwa pambo na alama ya nyumba yenye uwezo. Aliyekuwa nacho alilala ndani yake kama aliyelala ndani ya nyumba ya pili. Asiyekuwa nacho alifukiza kivumbasi, akajifunika shuka gubigubi, akamwachia Mungu yaliyobakia.

Jambo la pili ambalo Kiseke itamfunza msafiri ni kuwa jicho ni mshauri mbaya wa hofu. Ziwa Victoria lina wadudu wadogo ambao hutoka majini kwa mamilioni, wakapanda angani mfano wa moshi wa meli, na upepo ukiwaleta nchi kavu huifunika taa na kumwingia mtu puani na mdomoni. Mgeni huwaogopa hawa. Ilhali wengi wao, kwa wingi wao wote, hawana mdomo wa kumng'ata mtu. Maisha yao ya utu uzima ni mafupi mno. Huzaa na kufa, na asubuhi hufagiwa kwa ufagio. Auaye ni mwengine, mwembamba, asiyefanya wingu. Mbu waenezao malaria, jamii ya Anopheles, huuma zaidi katika saa za usiku mkubwa, wakati watu wamelala. Na si wote waumao. Dume hunywa utamu wa maua. Jike ndiye atafutaye damu, naye huitafuta kwa ajili ya mayai yake. Huongozwa na pumzi ya aliyelala, joto la mwili wake na harufu ya ngozi yake. Kwa maneno mengine, linalomwita ni uhai wenyewe, na hapana awezaye kulala bila ya kupumua.

Basi msafiri amefunga kila pindo. Jike la mbu limezunguka mara tatu, halikuona mwanya. Limepotewa na chakula, lakini njaa yake haikupotea. Hatua chache kutoka hapo pana nyumba ambayo dirisha lake halina wavu, na ndani yake amelala mtoto. Mbu akaenda huko.

Hapo ndipo swali linapozaliwa. Msafiri hakumdhuru mtoto yule wala hakumjua. Alifanya ambalo kila mwenye akili angelifanya. Hata hivyo, damu iliyotoka kwa mtoto ndiyo iliyokosekana kwake. Jee, ana dhima yoyote?

Wapo watakaosema kuwa hili ni swali la kubuni, la watu wanaopenda kukata unywele vipande vinne. Siyo. Limekwisha kupimwa mashambani. Katika Bonde la Kilombero, Tanzania Bara, watafiti waligawa dawa za kupaka mwilini zinazofukuza mbu, wakahesabu mbu katika nyumba za waliopaka na za majirani wasiopaka. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionesha kuwa nyumba zisizotumia dawa, zilizo jirani na zenye kuitumia, zilikutwa na mbu wengi zaidi. Mbu waliofukuzwa kwa mmoja walihamia kwa mwengine. Mwenye dawa alilala vizuri, na jirani yake akalipa.

Upande wa pili wa mizani kuna ushahidi uliotoka katika ufuo wa ziwa lile lile ambalo Mwanza inaliangalia. Huko Asembo na Gem, magharibi ya Kenya, mwishoni mwa miaka ya 1990, vijiji kadhaa vilipewa vyandarua vilivyotiwa dawa ya kuua mbu na vyengine vikasubiri zamu. Ilipohesabiwa faida, lilionekana jambo ambalo wengi hawakulitarajia: watoto wa nyumba zisizo na vyandarua, lakini zilizokuwa ndani ya mita 300 kutoka nyumba zenye vyandarua, nao walikingika. Vifo vilipungua kwao, na upungufu wa damu ukapungua. Sababu ni kuwa mbu aliyekigusa chandarua chenye dawa hakwenda kwa jirani. Alikufa hapo, au hakuishi siku za kutosha kimelea kukomaa ndani yake.

Kwa hivyo kinga zilizo sawa machoni zinatofautiana katika hukumu. Ipo kinga ya kufukuza, kama moshi, kivumbasi na dawa ya kupaka. Hiyo humwondoa adui ikampeleka kwengine. Ipo kinga ya ukuta, kama chandarua kitupu na wavu wa dirisha. Hiyo haimfukuzi adui wala haimpunguzi, bali humwacha na njaa yake. Na ipo kinga ya mtego, kama chandarua chenye dawa, ambayo humpunguza adui kwa wote, hata kwa yule ambaye hakutoa senti. Mtu aliyelala ndani ya chandarua cha namna hii anafanya kazi bila ya kujua. Mwili wake ndio chambo, pumzi yake ndiyo inayomwita mbu, na usingizi wake unakuwa ulinzi wa mtaa mzima. Nadra kupatikana tendo la wema lililo jepesi hivi.

Yatokana na hayo kanuni moja ambayo yaweza kupimwa katika mambo mengi zaidi ya mbu: kinga haihukumiwi kwa kile inachokizuia tu, bali pia kwa mahali inapokipeleka kile ilichokizuia. Ukuta wa bahari unaouokoa ufuo mmoja na kuula ufuo wa jirani, mfereji unaoliondoa tope kwenye kibaraza cha tajiri na kulimwaga uchochoroni kwa maskini, dawa inayotibiwa kwa wenye pesa huku maradhi yakiachwa yazeeke kwa wasio nazo. Zote hizo ni machela za zamani. Mmoja amelala, na mwengine amebeba.

Kanuni hii ina wapinzani, na hoja zao si za kudharauliwa. Hoja ya kwanza ni ya mama. Mama anayemfunika mwanawe kwa kitambaa au moshi wa majani hamuulizi mbu anakokwenda, na atakayemlaumu kwa hilo atakuwa amepotewa na utu. Hilo ni kweli. Haki ya kuilinda nafsi na mtoto huja kwanza, na haina sharti la kuwa na kinga bora kuliko zote. Anayefukiza kivumbasi kwa kuwa hana jengine hana kosa. Lakini hoja hiyo humwondolea lawama yule asiye na la kuchagua; haimwondolei yule anayeweza kuchagua. Mwenye uwezo wa kupata mtego akaridhika na ukuta, kwa kuwa ukuta unamtosha yeye, amechagua juu ya mtoto wa dirisha la pili, ijapokuwa hakumfikiria. Kutofikiria nako ni njia mojawapo ya kuchagua.

Hoja ya pili inatoka upande mwengine kabisa. Kuna wanaoona uzito katika kuua, hata mdudu. Watasema kuwa ukuta ni mpole. Humwambia mbu "si hapa" na kumwacha aende zake, ilhali mtego ni mauaji. Hisia hii ina heshima yake, na mila nyingi za dunia zimeitukuza. Walakini upole unaomhurumia mbu na kumsahau mtoto ni upole uliokosea njia. Anayemwachia mdudu uhai wake kwa kumwelekeza kwenye ngozi ya mwengine hakujiepusha na damu. Ameiondoa mbele ya macho yake tu. Na yafaa ikumbukwe kuwa mtego huu hauendi kumtafuta mdudu porini. Unakaa pale pale mtu alipolala, humgusa yule tu aliyekuja kutafuta damu, na wale wa ziwani wanaopanda kama moshi wanabakia na usiku wao.

Ikiwa ni kweli kuwa chandarua chenye dawa humkinga na asiye nacho, basi linafuata swali la bei. Kitu kinachomfaa mnunuzi peke yake kinaweza kuachiwa soko. Kitu kinachomfaa na jirani hakiwezi kuhesabiwa hivyo. Tanzania Bara iliujibu mjadala huu kwa hatua. Mwaka 2004 ulianza mpango wa Hati Punguzo, ambapo mama mjamzito alipewa hati kliniki, akaenda dukani kununua chandarua kwa kujazia kiasi kilichobakia. Ulikuwa mpango mwema, lakini kiasi kile kilichobakia kilikuwa mlima kwa baadhi ya watu. Baina ya 2009 na 2011 vikagawiwa vyandarua bure, kwanza kwa watoto wa chini ya miaka mitano, kisha kwa kila sehemu ya kulala, na kuanzia 2013 vikapita mikononi mwa wanafunzi wa skuli. Vingi kati ya vyandarua vya miaka ile vilifumwa Arusha. Mabadiliko hayo kutoka kuuza hadi kugawa hayakuwa sadaka kwa maskini tu. Yalikuwa ni kukiri kwamba usingizi wa mmoja umo ndani ya usingizi wa wengine.

Ila kila kinga huzeeka. Dawa iliyotiwa katika vyandarua kwa miaka mingi ni ndugu wa kutengenezwa wa ile iliyomo ndani ya maua ya pareto, ambayo wakulima wa nyanda za juu za Iringa na Mbeya wameyalima kwa muda mrefu. Mbu waliizoea. Wale waliokuwa na nguvu ya kuistahimili walizaa, wengine wakafa, na baada ya miaka wakabakia wengi wasioijali. Jambo hili lilidhihirika wilayani Misungwi, kusini mwa jiji la Mwanza, ambako mwaka 2019 vijiji viligawanywa katika mafungu manne, kila fungu likapewa aina yake ya chandarua. Matokeo yalichapishwa mwaka 2022. Baada ya miaka miwili, katika fungu la vyandarua vya dawa ya zamani, watoto 46 hivi kati ya kila 100 waliopimwa walikuwa na vimelea vya malaria. Katika fungu lililopewa vyandarua vilivyochanganywa dawa ya pili iitwayo klofenapiri, walikuwa 26 hivi. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likavipendekeza vyandarua hivyo vipya.

Tofauti ya baina ya 46 na 26 si ya kupita haraka. Watoto wa mafungu yote mawili walipewa vyandarua, na mzazi wa kila mmoja wao aliamini kuwa ametimiza wajibu. Hapa wema wa nia haukutosha. Palihitajika elimu, na elimu ile isingepatikana bila ya maelfu ya familia kukubali kuchomwa vidole na kuulizwa maswali kwa faida ya watu ambao hawatawaona. Anayelala leo Kiseke, au Chake Chake, au Mombasa, chini ya chandarua cha namna mpya, amebebwa na mabega ya watoto wa Misungwi. Machela imerudi tena, ila safari hii waliobeba walikubali kubeba, na wao wenyewe wamo miongoni mwa wanaofaidi.

Lipo jambo ambalo wenye kupenda kulaumu hulitaja kila panapozungumzwa vyandarua na ziwa, nalo ni kuwa wavuvi huvitia majini. Ni kweli. Mwaka 2008 ilichapishwa taarifa ya watafiti waliovikuta vyandarua katika vijiji vya wavuvi vya ufuo wa Kenya vimetandazwa kukaushia dagaa, na vyengine vikivulia. Madhara yake yako wazi. Tundu la chandarua ni dogo hata samaki asiyeota mapezi hapiti, na wahenga walisema chovya chovya yamaliza buyu la asali. Sheria za uvuvi za Tanzania zinayakataza makokoro na nyavu za matundu madogo. Lakini kabla ya kumhukumu mvuvi yafaa aulizwe usiku wake unavyopita. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa gizani, katika siku ambazo mwezi haupo, kwa mwanga wa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni za betri na za nguvu ya jua. Mvuvi huyu hukesha majini saa zile zile ambazo mbu huuma. Aliyempa chandarua alimpa kitu cha kitandani, naye hayupo kitandani. Kwa mtazamo wake amepewa mwamvuli wakati wa kupiga mbizi.

Hapo ndipo kanuni iliyotajwa inapofika ukingoni mwake na kudai zaidi. Mtego wa usingizi humkinga anayelala na jirani anayelala. Hauwafikii wanaokesha: mvuvi, mlinzi wa duka, muuza samaki wa alfajiri, na mama anayelinda dagaa waliotandazwa juu ya mawe. Hao ndio ambao kukesha kwao huwapatia wengine chakula cha mchana na amani ya usiku. Msafiri aliyetundika machela Kiseke amechagua kulala nje, na akichoka ataingia ndani. Mlinzi aliye mtaa wa pili hakuchagua. Wote wawili wamo katika upepo mmoja na mbu mmoja, lakini hawamo katika hali moja. Kuwakumbuka wasiolala hakuhitaji chandarua. Kunahitaji mashimo ya maji kufukiwa, mitaro kuzibuliwa, madirisha kutiwa nyavu, na kipimo na dawa kupatikana karibu ili anayeumwa apone kabla hajawa chemchemi ya homa kwa wengine. Kila tiba ya mapema ni kinga ya mtu ambaye hajang'atwa bado.

Kwa wasomaji wa visiwani jambo hili lina sura ya nyumbani. Zanzibar imekuwa kama machela moja kubwa iliyotundikwa baharini na kufungwa vizuri ncha zote. Tangu mwaka 2003 zililetwa dawa mpya za tiba, kisha vyandarua vyenye dawa na upuliziaji wa majumba, na katika miaka michache malaria ikashuka mpaka, ilipofika 2008, waliokutwa na vimelea katika vipimo vya wananchi walikuwa chini ya mtu mmoja kati ya kila 100. Wodi za watoto zilizokuwa zikijaa kila baada ya masika zikapungukiwa na wagonjwa. Ni fakhari ya haki. Lakini malaria haikutoweka, na katika miaka ya 2023 na 2024 wagonjwa waliongezeka tena. Uchunguzi wa miaka mingi umeonesha kuwa wengi katika wanaougua walikuwa wamesafiri Bara karibuni.

Taarifa hiyo ni ya kitabibu, na ulimi mwepesi huweza kuigeuza ikawa lawama: wao ndio wanaotuletea. Huu ndio wakati ambapo chandarua humlevya mwenyewe. Mtu aliyelala salama kwa muda mrefu huanza kusahau tofauti baina ya mbu na jirani, akatamani kuwazuia wote wawili kwa wavu mmoja. Ukweli ni kuwa vyombo huenda na kurudi. Mtoto wa Unguja husafiri kwenda Mwanza kwa biashara au harusi, na wa Mwanza huja Unguja kwa kazi, na hapana jahazi wala boti iliyowahi kubeba watu bila ya kubeba pumzi na damu zao. Kisiwa hakiwezi kuwa salama peke yake, kama vile machela ya Kiseke isivyoweza kuiponya Kiseke. Usalama wa Unguja umeshonwa kwa uzi mmoja na usalama wa dirisha lile lisilo na wavu kando ya ziwa. Anayetaka kulala vizuri Mkunazini ana maslahi, mbali ya wajibu, katika usingizi wa mtoto ambaye hatamwona.

Lugha yenyewe ilikwisha kulisema hili, kwa kuwa neno kinga lina maana mbili. Moja ni hifadhi. Ya pili ni kijinga cha moto, ukuni uwakao ncha moja, na ndiyo iliyokusudiwa na wahenga waliposema: kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Ukuni mmoja ukiachwa peke yake hufuka moshi, kisha huzimika. Ukikutanishwa na mwenziwe hushika. Hali ni hiyo hiyo kwa kinga ya maana ya kwanza. Chandarua kimoja ni moshi: kinamfukuza mbu kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwengine. Vyandarua vya mtaa mzima ni moto, navyo ndivyo vinavyomkomesha. Msafiri wa Kiseke na afunge pindo zake zote, kwa kuwa hana sababu ya kung'atwa ili aonekane mwema. Ila asubuhi, akiisha kukunja machela yake, dirisha la jirani lisilo na wavu bado litakuwa pale pale, na yeye atakuwa amekwisha kuamka.